Usufi, makumbi na nywele: kipi hasa hunyonya mafuta yaliyomwagika majini?

Katibu_wa_Diko aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni katibu wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi katika diko dogo, yaani mahali pa kufikia vyombo vya uvuvi, lililo kusini ya mji wa Tanga, mahali ambapo hori, yaani mkono mwembamba wa bahari, huingia ndani na kuzungukwa na mikoko pande mbili. Zamani vyombo vyetu vilikuwa ngalawa na mashua za tanga, lakini sasa sehemu kubwa ni boti za mashine, na mashine zimekuja na mafuta yake: dizeli inayodondoka wakati wa kujaza tangi kwa dumu, oili chafu inayomwagwa ovyo fundi anapobadilisha oili, na zaidi ya yote maji ya ngama, yaani yale yanayojikusanya chini kabisa ndani ya chombo, ambayo mabaharia huyafua na kuyatupa ubavuni mwa chombo bila kuangalia yamechanganyika na nini. Asubuhi kabla upepo haujaanza, uso wa maji humetameta kwa rangi za upinde wa mvua kuanzia chini ya boti hadi kwenye mizizi ya mikoko, na akina mama wanaookota chaza wanalalamika kwamba wakati mwingine chaza hunuka dizeli hata baada ya kuchemshwa.

Kikundi kimeletewa mapendekezo mawili. Mfanyabiashara mmoja anatuuzia dawa ya maji ambayo, kwa maneno yake, ukiipulizia juu ya mafuta hutoweka papo hapo. Kwa upande mwingine, kijana wetu mmoja anayesoma chuo ametueleza kwamba vitu vya asili kama usufi, makumbi ya nazi, pumba za mpunga na hata nywele kutoka kwa vinyozi hunyonya mafuta na kuyaacha maji. Misufi tunayo, na makumbi tunayo ya kutupa. Naomba wenye ujuzi mnieleze kama jambo hili ni la kweli, kipi kati ya hivyo kinafaa zaidi, na tukishayakusanya hayo mafuta tuyapeleke wapi.

Mkemia_Pwani alijibu:

Ndugu Katibu, nitaanza na hiyo dawa, kwa kuwa ndiyo itakayowatoa fedha. Mafuta yaliyopuliziwa dawa ya namna hiyo hayatoweki. Dawa hizo ni jamii ya sabuni, na kazi yake ni kuyavunja mafuta yawe matone madogo mno yanayoacha uso wa maji na kutawanyika chini yake, mahali ambapo mayai ya samaki na viluwiluwi vya kamba vinaishi. Katika bahari kuu yenye kina kirefu matone hayo huzimuliwa na wingi wa maji, na ndiyo maana wataalamu huruhusu dawa maalumu huko kwa masharti. Katika hori yenye kina cha mtu kusimama hakuna maji ya kutosha kuyazimua. Meli ya mafuta ya Torrey Canyon ilipopasuka karibu na pwani ya Cornwall, Uingereza, mwezi Machi 1967, serikali ilimwaga takribani tani 10,000 za sabuni za viwandani juu ya mafuta na juu ya miamba ya pwani, na waliochunguza miamba hiyo baadaye walikuta kwamba viumbe wengi waliuawa na sabuni kuliko waliouawa na mafuta yenyewe, na kwamba sehemu zilizoachwa bila kuguswa zilirudia hali yake mapema zaidi. Sabuni za siku zile zilikuwa kali kuliko za leo, lakini anayewauzia chupa isiyo na maelezo hawezi kuwahakikishia kwamba yake si ya namna ileile.

Sasa usufi. Kijana wenu amesema kweli, na nadhani hata yeye hajui ana bahati kiasi gani kuishi kwenye misufi. Unyuzi mmoja wa usufi ni mrija: ndani ni mtupu, sehemu kubwa ya unene wake ni hewa, na nje umepakwa nta ya asili inayokataa maji na kupokea mafuta. Ndiyo sababu usufi ulijazwa kwenye makoti ya kuokolea mabaharia kabla ya plastiki kuenea, kwa maana huelea na haulowi upesi. Katika maabara usufi umepimwa mara nyingi na kuonekana kushika mafuta yenye uzito wa mara 30 ya uzito wake au zaidi. Pamba ghafi, yaani ile iliyotoka shambani ikiwa bado na nta yake, hukaribia uwezo huo, lakini msije mkanunua pamba ya hospitali mkidhani ni kitu kilekile, kwa sababu hiyo imechemshwa na kuondolewa nta makusudi ili inywe maji, nayo itakunywa hori nzima kabla ya kugusa mafuta.

Vitu vingine mlivyovitaja viko chini sana. Vinyonyaji vya asili kwa jumla, kama vile majani makavu, maranda, pumba na makapi ya miwa, huhesabiwa kushika mara 3 hadi 15 ya uzito wake, na vingi vyake hunywa maji pamoja na mafuta, vikazidi uzito na kuzama. Kilichozama na mafuta hakijasafisha kitu, kimehamisha tatizo kutoka kwenye macho ya watu hadi kwenye makazi ya chaza. Kwa hoja hiyohiyo, mtu akiwashauri mmwage mchanga au majivu juu ya mafuta, mkatalieni. Makumbi yana matumizi, lakini si yale mnayofikiri: nyuzi zake ngumu hufaa kuwa kiunzi cha ndani kinachouzuia usufi usishikamane na kuwa donge, mradi yawe makavu kabisa na hayakuzikwa majini kwa ajili ya usumba.

Kabla ya kutumia shilingi yoyote, fanyeni jaribio la ndoo. Jazeni ndoo maji ya bahari, mimineni kikombe cha dizeli, kisha wekeni juu yake konzi ya usufi usiokandamizwa. Mtauona ukikaa juu ya maji kama haujagusa kitu, halafu upande wa chini unaanza kugeuka rangi kuwa ya chai, na rangi hiyo inapanda nyuzi kwa nyuzi bila mtu kuukoroga. Mkiuinua polepole, maji yatadondoka matone machache na dizeli itabaki, na mkiukamua ndipo itakapotoka. Rudieni na pumba, maranda na makumbi, na kila kimoja mkiache ndani ya maji hadi kesho yake. Kilichozama usiku, kifuteni kwenye orodha.

Fundi_Mashine alijibu:

Aliyosema Mkemia sina la kuyapinga, ila naona mnataka kuyafukuza mafuta yakiwa yameshatoka nyumbani. Utando wa rangi za upinde wa mvua unaouona asubuhi ni mwembamba kiasi kwamba lita moja tu ya dizeli inaweza kutandaa eneo la mita za mraba 3,000, karibu nusu ya uwanja wa mpira. Hapo hakuna usufi utakaokusaidia, kwa kuwa kinyonyaji kinahitaji mafuta yenye unene, na utando huo jua na upepo vitakuwa vimeumaliza kabla hujapanga vijana wa kazi. Lita ileile ikiwa bado ndani ya ngama imekusanyika mahali pamoja, ina unene, haina mkondo wala wimbi, na iko umbali wa mkono wako.

Kwa hiyo shoneni mifuko ya nyavu za dagaa, ukubwa wa mto wa kulalia, ijazeni usufi bila kuikandamiza, na kila boti yenye mashine ya ndani iwe na mfuko wake unaoelea kwenye ngama chini ya mashine. Baharia akitaka kufua maji, kwanza autoe mfuko na kuukamua kwenye dumu lililokatwa mdomo, aurudishe, asubiri kidogo, ndipo afue. Anayefua kwa ndoo achote kutoka chini, si kwa kukwangua juu, maana mafuta yako juu. Meli kubwa, zile za tani 400 na kuendelea, zinabanwa na mkataba wa kimataifa wa MARPOL kuchuja maji yao ya ngama mpaka mafuta yabaki sehemu 15 tu katika milioni kabla ya kuyamwaga baharini. Boti zetu hazina mtambo huo na hazitakuwa nao leo wala kesho, na huo mfuko ndio mtambo wetu.

Jambo la pili ni sinia. Fundi anayebadilisha oili akitandika sinia la bati chini ya mashine na kumimina kwa faneli, nusu ya malalamiko ya akina mama itakwisha. Na petroli msiinyonye kabisa. Ikimwagika, zimeni moto wote, ondoeni watu walio upande unakoelekea upepo, iacheni igeuke mvuke na kupotea hewani, kwa sababu usufi uliojaa petroli ni bomu lililofungwa kwenye wavu.

Mwanahori alijibu:

Naandika kutoka Mombasa, ambako habari za mafuta na mikoko tunazijua kwa kuziona. Mwaka 1988 mafuta mazito, takribani tani 5,000, yalivuja kutoka tangi lililotobolewa karibu na bandari na kuingia Hori ya Makupa, na mikoko ilikufa. Nalitaja tukio hilo kwa sababu ndugu Katibu amesema utando unafika hadi kwenye mizizi, na hapo ndipo kazi inapogeuka sura.

Mchu, aina mojawapo ya mikoko, una mizizi midogo inayochomoza juu ya tope kama penseli, na kila mmoja una vitundu vya kupumulia. Mafuta mazito yakiipaka, mti hukosa hewa ingawa majani yake bado ni ya kijani, na huchukua wiki au miezi kabla majani hayajaanza kupukutika, hivyo mtu hudhani umepona. Hatari nyingine ni sisi wenyewe. Watu 20 wenye nia njema wakiingia na mifuko yao ya usufi kufuta mizizi, kila hatua husukuma mafuta ndani ya tope, na ndani ya tope la mikoko hakuna hewa. Vijidudu wanaokula mafuta, ambao wapo katika bahari zote na ni wengi zaidi mahali palipozoea kumwagika mafuta, wanahitaji hewa ili kufanya kazi hiyo kwa kasi, kwa hiyo mafuta yaliyokanyagwa hadi chini hukaa miaka mingi. Huko Panama, katika ghuba ya Bahía Las Minas, ambako tangi la kiwanda cha kusafishia mafuta lilipasuka mwaka 1986, watafiti waliendelea kuyakuta mafuta yale kwenye tope la mikoko kwa miaka mingi baadaye, yakivujia majini tena na tena.

Shauri langu ni kwamba msingojee yafike. Tengenezeni uzio wa kuelea kwa mifuko ileile aliyoitaja Fundi, ikiwa imeshonwa kuwa mirefu na kufungwa mmoja baada ya mwingine kwenye kamba, na kando yake maboya au chupa tupu zilizofungwa vifuniko, halafu uzio huo ukae kati ya boti na mikoko. Usiutege kukabili mkondo moja kwa moja. Mkondo unaozidi robo tatu ya noti hivi (noti ni kipimo cha mwendo baharini) hupitisha mafuta chini ya uzio wowote, hata ule wa bei kubwa wa bandarini. Utegeni kwa mshazari ili mafuta yateleze kuelekea ukingo mmoja, na pale ukingoni ndipo pawe na mtu, mifuko ya akiba na pipa. Siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, utaiona kazi kuwa nyepesi. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, mkondo una nguvu na maji hupanda hadi ndani kabisa ya msitu wa mikoko, na kama kuna siku ya kukataza watu kubadilisha oili dikoni, ni siku hizo.

Na kabla ya kumlaumu mwenye boti, hakikisheni kwamba mnachokiona ni mafuta. Kwenye tope la mikoko kuna utando mwingine unaong'aa ambao hutokana na vijidudu wanaotumia madini ya chuma. Uguse kwa kijiti: ule wa asili huvunjika vipande vipande na kubaki hivyo, lakini utando wa mafuta hufuata kijiti, hujifunga na kuungana tena.

Kijana_wa_Chuo alijibu:

Naheshimu maelezo ya wakubwa, lakini naona nywele zimedharauliwa. Fundi nywele wa Alabama, Phil McCrory, ndiye aliyeanzisha jambo hili baada ya kuona kwenye televisheni ajali ya meli ya mafuta ya Exxon Valdez, Alaska, mwaka 1989, namna manyoya ya wanyama yalivyojaa mafuta, akajiuliza kwa nini nywele anazozifagia kila siku zisifanye kazi hiyo. Na mwaka 2020, meli ya Wakashio ilipopanda mwamba wa Pointe d'Esny huko Mauritius tarehe 25 Julai na kuanza kuvuja tarehe 6 Agosti, wananchi hawakungoja. Walijaza majani makavu ya miwa katika mifuko ya kitambaa na ya nyavu, wakafunga chupa za plastiki ili ielee, wengine wakakata nywele zao kuzichangia, na wakatega uzio mrefu wa kuelea kwa mikono yao. Takribani tani 1,000 za mafuta zilimwagika pale. Kama majani ya miwa yalifaa kwa meli nzima, kwa nini yasifae kwa boti zetu?

Mkemia_Pwani alijibu:

Mwanangu, mfano wa Mauritius ni mzuri, na kwa kweli ndio ninaoupenda kuliko yote, lakini usome pande zake zote. Yale yalikuwa mafuta ya kuendeshea meli, mazito na ya kunata, na mafuta ya namna hiyo hushikwa na kitu chochote chenye nyuzi au kingo za kukwaruza. Dizeli ni nyepesi, huteleza, na huhitaji mirija kama ya usufi ili ibaki ndani wakati wa kuinua mfuko. Nywele hushika mafuta kwenye magamba yake ya nje, mara chache tu ya uzito wake, nazo zikiwa huru huenea na kumsumbua kasa na samaki, kwa hiyo lazima zifungwe kwenye soksi ndefu. Kama vinyozi wa mjini wanawapa bure, zitumieni kwa oili nzito inayomwagika sakafuni mwa karakana, ambako hakuna maji ya kugombania nafasi.

Wenzetu wa Mauritius walifanikiwa pia kwa sababu mahitaji yote yalikuwa karibu: mashamba ya miwa, watu wengi, na kitambaa. Kilichowaelemea baadaye ni mifuko iliyokwisha kujaa, marundo kwa marundo, yenye mafuta, maji ya chumvi na majani yanayooza, ambayo haikufaa kutupwa popote.

Katibu_wa_Diko aliandika tena:

Nawashukuru sana. Jaribio la ndoo tumelifanya mbele ya wanakikundi, na pumba pamoja na maranda vimezama kama ilivyosemwa, usufi umebaki juu. Yule mfanyabiashara alialikwa kuja kuonyesha dawa yake kwenye ndoo yetu, akasema atarudi. Sasa nauliza lile ambalo Mkemia ameligusa na kuliacha: mifuko iliyojaa tuifanyeje, na tuhitaji usufi kiasi gani?

Mkemia_Pwani alijibu:

Kwa hesabu ya kazi msitumie ile mara 30 ya maabara. Huko mafuta huwa tulivu na usufi huwa mkavu, nanyi mtakuwa na mawimbi na mikono ya haraka. Kisieni mara 10. Kilo moja ya usufi itawapa kilo 10 za dizeli, yaani karibu lita 12 kwa kila safari ya kujaa, kisha mtaikamua na kuirudisha, huku uwezo wake ukipungua kadiri nyuzi zinavyobanjika. Mfuko ukianza kukaa chini ya uso wa maji badala ya juu yake, umekwisha.

Kinachokamuliwa kiwekeni kwenye pipa lenye bomba karibu na kitako, mkiache kitulie. Maji hukaa chini, nanyi mtayatoa taratibu na kuyapitisha tena kwenye mfuko mpya wa usufi kabla ya kuyaachia. Mafuta yanayobaki juu yana wanunuzi wenye kibali cha kukusanya oili chafu, na ofisi ya kanda ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndiyo ya kuuliza ni nani anacho, kwa kuwa taka ya aina hii huhesabiwa kuwa taka hatarishi na kuisafirisha bila kibali ni kosa. Najua mafundi mbao hununua oili chafu na kuipaka kwenye nguzo zisiliwe na mchwa. Kwa nguzo ya ua wa nchi kavu mtu anaweza kufumba jicho. Kwa nguzo inayosimama majini ni kuyarudisha mafuta palepale mlipoyatoa.

Usufi uliochoka nao si wa namna moja, na hili ndilo watu wengi hulikosea wanaposema kwamba kitu cha asili hakina madhara. Uliobeba dizeli tupu unaweza kuchanganywa na udongo na samadi kwenye ardhi iliyoinuka, mbali na visima, ukageuzwa mara kwa mara ili hewa iingie na kunyunyiziwa maji usikauke, na vijidudu vya udongoni vitaula pamoja na mafuta yake kwa muda wa miezi kadhaa. Samadi inawapa vijidudu hao naitrojeni na fosforasi, ambazo mafuta hayana. Uliobeba oili chafu ya mashine una vumbi la metali zilizosagika ndani ya injini, na hakuna kijidudu anayeweza kuimaliza metali, kwa hiyo huo usiguse shamba lolote. Uwekeni kwenye mapipa yenye vifuniko hadi NEMC itakapowaelekeza kwenye tanuru la joto kali. Matanuru ya saruji huzidi joto la nyuzi 1,400 za Selsiasi, na moto wa namna hiyo ndio unaoweza kuumaliza, si moto wa pipa nyuma ya banda unaotoa moshi mweusi juu ya nyumba za watu.

Banda la kuhifadhia liwe mbali na majiko ya akina mama wanaokaanga samaki, kwa sababu usufi hushika moto upesi hata ukiwa mkavu na safi. Na sakafu yake iwe juu ya alama ya mwisho ya maji ya bamvua, ile ya mwezi Machi au Aprili ambayo wazee wa diko wanaijua, mapipa yasije yakaelea yenyewe usiku.